Pikipiki Iliyoanza kwa Kurudi Nyuma

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei mwaka 2019, saa tatu kasoro robo asubuhi, mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na mmoja alirudishwa nyumbani kwake kwa mara ya nne katika mwezi ule. Safari hiyo aliletwa na muuza maziwa, ambaye alimkuta kando ya barabara kuu, amevaa shati lake la kazi lililofungwa vifungo hadi kooni, akiwauliza wapita njia kwa adabu kubwa kama wameiona pikipiki yake.

"Nimemkuta mbali, mama," muuza maziwa alimwambia mke wa mzee, huku amemshika mzee kiwiko kama mtu aliyebeba bilauri iliyojaa hadi ukingoni. "Na magari ya pale yanapita kama risasi."

Mke wa mzee alikuwa mshonaji. Aliiacha cherehani yake na uzi bado umo sindanoni, akamshukuru muuza maziwa, akampokea mumewe.

"Asante sana, dada," mzee alimwambia. "Samahani kwa usumbufu."

Alimwita dada. Tangu mwaka uliotangulia, kumbukumbu za mzee zilikuwa zikitoka moja moja bila kuaga. Kwanza yalikwenda majina ya majirani. Kisha ikaenda njia ya kwenda kwa kinyozi. Mwishowe, asubuhi moja tulivu wakati wa chai, akaenda mke. Uso wake haukumtisha mzee, tena alionekana kuufurahia, ila hakujua tena ni uso wa nani. Siku nyingine mshonaji alikuwa dada, siku nyingine muuguzi, na siku moja alikuwa karani wa stempu, akaulizwa kwa nini dirisha lake limefunguliwa kwa kuchelewa. Katika ukungu ule wote, kitu kimoja tu kilibaki kimesimama wima: pikipiki.

Jioni ile alikuja binti yao wa pekee, karani wa mahakama, mwanamke asiyekubali jambo mpaka aone muhuri wake. Aliweka mezani kufuli jipya kubwa kama ngumi.

"La nini hilo?" mshonaji aliuliza.

"La geti, mama."

"Baba yako si kuku."

"Kuku hagongwi na lori, mama, maana hafiki barabara kuu. Baba anafika." Binti akageukia dirishani. "Unadhani mimi napenda? Nikipigiwa simu kazini, moyo wangu unasimama kabla sijapokea."

Mshonaji alilitazama kufuli lile. Akilini alimwona mumewe akiwa ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili, amevaa shati lake la kazi, akiwaita wapita njia kwa upole. Hakuweza kulivumilia wazo hilo hata kwa muda wa kumaliza chai.

"Nipe mpaka mwisho wa Julai," alisema. "Nikishindwa, nitalifunga kwa mkono wangu mwenyewe."

"Utafanya nini mpaka Julai?"

"Nitaitengeneza pikipiki. Ikiwa hapa, hatakwenda kuitafuta."

Binti alishusha pumzi. Pikipiki yenyewe ilikuwapo. Ilikuwa stoo, nyuma ya nyumba, chini ya magunia ya vipande vya vitambaa, na ilikuwa imekaa humo miaka kumi na mmoja. Mzee alikwisha kuonyeshwa zaidi ya mara moja. Kila mara aliizunguka, akaligusa tangi lililopauka, akatikisa kichwa kwa huruma kama mtu aliyeonyeshwa maiti asiyemfahamu. "Hii siyo yangu," alisema. "Yangu inalia."

Kwa hiyo mshonaji alijua sharti lilivyo. Pikipiki ilitakiwa ilie.

Fundi aliyeitwa alijulikana mtaa mzima kwa jina la Nati, kwa sababu wakati wa kazi alikuwa na mazoea ya kuhifadhi nati mdomoni, upande wa shavu. Alikuwa fundi hodari wa pikipiki za siku hizi. Walipoitoa ile ya mzee uani na kuipukuta vumbi, aliizunguka mara mbili, akaitema nati moja kiganjani ili apate kusema vizuri.

"Mama, hii si pikipiki. Hii ni marehemu."

"Basi mfufue."

"Kufufua si kazi ya gereji. Unajua hii ni injini ya mipigo miwili? Hii ndiyo ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili humohumo tangini. Mimi nilipoanza kazi, hizi zilikuwa zinakwisha. Vifaa vyake nitavitoa wapi, ndotoni?"

"Hata ndotoni, mwanangu. Wewe leta tu."

Nati alicheka, akairudisha nati yake shavuni, na kazi ikaanza.

Majuma yale yalipita kama majuma ya mtu aliye nusu usingizini. Asubuhi mshonaji alishona, mchana alimlisha mumewe, na kuanzia saa kumi jua lilipolegea, uani kulienea harufu ya mafuta ya taa, kutu na sabuni. Pistoni ilikuwa imeshikamana na ukuta wa silinda. Waliimiminia dizeli kupitia tundu la plagi, wakaiacha siku tatu, wakaimiminia tena, na siku ya saba ikasogea unene wa ukucha, kwa mlio mdogo kama wa mtoto anayejigeuza kitandani. Tangi walilijaza kokoto ndogo na maji ya sabuni, wakalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yalitoka mekundu, kisha ya rangi ya chai, kisha meupe.

Hapo ndipo Nati alipogundua kwamba amepata msaidizi asiyemtarajia. Vitundu vya kabureta vilikuwa vimezibwa na gundi ya petroli iliyokauka, na waya wa Nati wa kuvizibulia ulikuwa mnene mno. Mshonaji alikwenda ndani, akarudi na sindano ya kutarizia, akavizibua kimoja kimoja kwenye mwanga. Gasketi za injini, zile karatasi za kuziba maungio, hazikupatikana popote. Mshonaji akaomba ile iliyochanika, akailaza juu ya karatasi ngumu, akaichora kwa chaki ya kushonea, akaikata kwa mkasi wake, matundu yote mahali pake.

Nati aliijaribu, ikakaa kama iliyozaliwa pale. "Mama, ungekuja gereji mapema ningekuwa tajiri."

"Ningekuja mapema, ungekuwa msaidizi wangu."

Wakati wote huo mzee alikaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, mikono juu ya magoti, akiwatazama kama abiria anayetazama mashamba yakipita dirishani. Baadhi ya siku alitoka kimyakimya hadi getini, na mshonaji akatupa alichokishika akamfuata mbio. Mara mbili alimpata mwisho wa mtaa. Mara moja, mwezi Juni, alimpata mbali zaidi ya hapo, na siku hiyo hakumwambia binti yao.

Lilibaki suala la nani ataiendesha. Nati alimfundisha mshonaji kwa pikipiki yake mwenyewe, katika kiwanja cha wazi nyuma ya gereji. Majirani walikodoa macho. Mmoja wao, mke wa mwenye duka, alimpazia sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Jirani! Umeanza kubeba abiria?"

"Nina abiria mmoja tu, naye amelipa zamani!"

Binti yake, kwa shingo upande, alishughulikia karatasi: leseni ya mama, kadi ya pikipiki, ukaguzi, kofia mbili ngumu. Kila karatasi aliipiga picha. "Mkikamatwa," alisema, "nisione aibu ya kuwasomea mashtaka wazazi wangu."

Ikafika Jumamosi, tarehe 27 Julai. Binti alikuja asubuhi, na kufuli lilikuwa ndani ya mkoba wake. Hakuna aliyelitaja. Uani, shuka nyeupe za nyumba ya wageni ambazo mshonaji alikuwa amezipinda na kuzifua zilianikwa safu tatu, zikijaa upepo na kutulia, zikijaa na kutulia. Pikipiki ilisimama mbele ya shuka hizo, ikielekea getini, tangi limepakwa rangi ya kijani iliyokolea, na mzee alikuwa barazani, kwenye kiti chake.

Nati alikuwa ameumia kifundo cha mguu juzi yake, akiangushiwa injini ya mteja, kwa hiyo hakuweza kupiga kiki. "Mama, piga wewe. Nimeirekebisha platini, hivi vimeno vya kutoa cheche, kwa macho yangu haya, cheche iko safi. Piga kwa nguvu."

Mshonaji alipanda. Alipiga kiki, lakini miaka arobaini ya kazi haifutiki kwa neno moja. Alipiga kama akanyagavyo cherehani, kwa wayo wote, laini, akisindikiza badala ya kusukuma. Injini ilikohoa, ikarusha kikanyagio juu kwa hasira dhidi ya kiatu chake, kisha, ajabu, ikawaka.

Moshi wa buluu ulifunika uani. Ilikuwa ni sauti ile, au karibu na ile, kavu na ya haraka, kama mtu anayepigapiga kopo kwa kijiti. Nati aliinua mikono juu. Binti alijikuta anapiga makofi.

Barazani, mzee aliinamisha kichwa upande mmoja. "Imegeuka," alisema.

Hakuna aliyemjali, kwa sababu mzee alisema mambo mengi. Mshonaji alivaa kofia, akabana klachi, akatia gia ya kwanza, akatazama geti lililokuwa wazi mbele yake, na akaachia klachi taratibu kama alivyofundishwa.

Pikipiki ikarudi nyuma.

Haikuteleza, bali ilikwenda, kwa nguvu zake zote na kwa gia ya kwanza. Mshonaji alipita katikati ya shuka safu ya kwanza akiwa bado anatazama geti, akapita safu ya pili, na ulimwengu ukawa mweupe na wenye harufu ya sabuni. Akashangaa kwamba haogopi, kana kwamba kilichokuwa kikimtokea ni cha kawaida, kana kwamba pikipiki ile ilikuwa imeamua kumpeleka ilikotoka, nyuma ya mwaka uliopita, hadi kwenye asubuhi ambazo mumewe alikuwa akipiga honi mara mbili na kumwita kwa mluzi. Kisha gurudumu la nyuma likagonga ukuta wa stoo, injini ikazima, na kamba ya nguo ikamshukia kichwani pamoja na mzigo wake wote.

"Mama!" binti alipiga kelele.

"Nimo humu," ilijibu sauti kutoka ndani ya shuka.

Nati alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kinywa wazi. Nati yake ilikuwa imedondoka chini. "Hii kitu ina mashetani," alinong'ona. "Gia nimezifunga mimi mwenyewe, namba moja ni ya kwenda mbele. Nimezifunga mimi mwenyewe!"

Ndipo ikasikika sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia kwa muda mrefu. Mzee alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akainuka kitini, akashuka ngazi za baraza bila kushikwa mkono, akaja hadi penye rundo la shuka, akaanza kuzikunja pembeni moja moja mpaka akaifikia injini.

"Nani amerekebisha platini?"

"Mimi, mzee," Nati alisema.

"Umeiwahisha. Cheche inakuja pistoni bado iko njiani. Mtu akipiga kiki kinyonge, inamrudisha, injini inazunguka kinyume. Hizi zinaweza. Zile zenu haziwezi." Alimgeukia mshonaji, aliyekuwa akitoa kichwa chake katika kofia. "Na wewe, dada, umepiga kama unakanyaga cherehani. Mke wangu naye hupiga hivyohivyo. Leteni bisibisi. Na karatasi nyembamba."

Mshonaji alikimbia ndani, akachana ukanda wa karatasi ya kunakilia mishono. Alipouweka katika kiganja cha mzee, aliona kiganja kile kimetulia. Mkono ambao asubuhi ile ulishindwa kukitambua kijiko ulifungua kifuniko cha ubavuni, ukateleza karatasi kati ya meno mawili madogo ya platini, na ukaanza kuzungusha gurudumu la sumaku polepole mno, huku mkono wa pili ukiivuta karatasi kwa ncha za vidole. Watu watatu walizuia pumzi. Karatasi ilishikwa, ikashikwa, kisha ikaachiliwa.

"Hapo," mzee alisema. "Kaza."

Nati alikaza. Hakuwa na mzaha tena. "Nani alikufundisha, mzee?"

"Barua," mzee alijibu. "Barua hazingoji."

Alipiga kiki yeye mwenyewe, mara moja, kwa kisigino. Pikipiki ililia. Safari hii kila mmoja alisikia tofauti, hata binti ambaye hakujua lolote: mlio ulikuwa umejaa, umetulia. Mzee aliweka kiganja juu ya tangi, akafumba macho.

"Hii ndiyo yangu," alisema.

Mshonaji alimsogelea. Kwa miezi miwili na nusu alikuwa amejiambia kwamba anataka geti lisifungwe, basi, hakuna zaidi. Sasa, moshi ukimchoma macho, alijua kwamba alikuwa amejidanganya. Alitaka mzee afumbue macho amtazame na kumjua.

Mzee alifumbua macho, akamtazama kwa wema mkubwa.

"Dada, unajua kuendesha? Macho yangu leo yana ukungu. Nipeleke nyumbani. Nimekaa sana hapa kwa watu, na mke wangu atakuwa ameanza kuhangaika."

Binti alifunika kinywa chake kwa mkono. Mshonaji akapiga moyo konde, akavaa kofia yake, akamfunga mzee ya kwake chini ya kidevu.

"Haya, baba. Panda nikupeleke kwake."

Walitoka getini kwenda mbele. Mitaa ilikuwa na usingizi wa Jumamosi. Walipita kwa kinyozi, wakapita jengo la posta ya zamani ambalo sasa liliuza magodoro, na moshi wa buluu uliwafuata kama utepe. Katika kila kona mshonaji alihisi uzito wa mumewe ukilala pamoja naye upande uleule, kwa kipimo kilekile. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekaa nyuma na kulala hivyo.

Penye mteremko wa kuelekea daraja dogo, mzee alimgusa bega. "Usifunge mafuta kabisa. Fungua kidogo kidogo. Injini hii oili yake iko ndani ya petroli. Ikishuka kavu, pistoni inaungua."

"Sawa, baba."

"Mke wangu nilimwambia hivyo, akasema, kwa hiyo hata kwenda chini kunahitaji mafuta? Ana maneno yule." Alijiweka vizuri kitini. "Ni mshonaji. Akikasirika hasemi. Anakanyaga cherehani tu, mtaa mzima unajua kwamba nimekosea."

Mshonaji alikaza macho barabarani, maana yalikuwa yameanza kumsaliti. "Unampenda?"

"Dada, unauliza maswali ya watu wa sensa." Injini ililia kwa muda. "Sipendi kumchelewesha. Nikichelewa hali mpaka nifike. Ananidanganya kwamba amekwisha kula, lakini naona sahani ziko mbili, zote kavu."

Walivuka daraja, wakazunguka kwa njia ya juu, wakaja kutokea mtaa wao kutoka upande wa pili. Alipunguza mwendo mbele ya geti lao, asiseme neno.

"Hapa," mzee alisema. "Ni hapa hapa."

Alishuka, akajikung'uta suruali, akalainisha kola ya shati. Akavuka ua kwa hatua za mtu arudiye kutoka kazini, akasimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Hodi!"

Binti alikuwa ndani, mkono wake ulishafika kitasani. Kupitia dirishani alimwona mama yake uani akimwashiria kwa kidole mdomoni, kisha akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, akizunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa jikoni. Alipita karibu na binti akivua kofia ngumu na kumtupia. Akajifunga kitambaa chake kichwani, akavuta pumzi.

"Hodi wenyewe!" mzee aliita tena kutoka nje.

Mshonaji akafungua. "Karibu, mume wangu."

Mzee alimtazama juu hadi chini, na uso wake ukafunguka polepole, kama dirisha la posta saa mbili kamili.

"Mke wangu. Umekula?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja."

"Nilijua." Alimshika mkono, akaingia. "Nimeletwa na dada mmoja, yuko pale nje. Mpelekeeni maji. Anaendesha vizuri, ila kwenye kona anaogopa."

"Nitamwambia," mshonaji alisema.

Binti alijaza bilauri maji, akatoka nayo nje kwa sababu alikuwa ameagizwa na baba yake. Kando ya pikipiki hapakuwa na mtu. Injini ilikuwa ikipoa, ikitoa milio midogo midogo, na Nati alikuwa ameketi chini, mguu umenyooka, akiokota vibanio vya nguo. Binti alisimama pale na maji mkononi. Kisha akayanywa mwenyewe, yote, taratibu, akitazama geti lililo wazi.

Binti alilipeleka kufuli mahakamani, ambako lilipata kabati la mafaili la kulinda. Tangu siku ile, kila asubuhi mzee huvaa shati lake na kusimama uani, ambako humngoja dada wa pikipiki, naye huja, humpeleka mpaka darajani na kumrudisha. Siku nyingi mlango ukifunguliwa humjua aliyeufungua. Siku nyingine hamjui, na hapo mshonaji humkaribisha ndani kama mgeni, humpa kiti kizuri, na kesho yake hujaribu tena.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usiikunje hadithi hii ukaiweka. Huenda nyumba ya tatu kutoka kwako yupo mtu anayetoka kila asubuhi kutafuta kitu, na yupo mwingine ndani aliyeanza kulifikiria kufuli. Mpelekee hadithi hii huyo wa ndani, na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.